Caretaker wa Masikio Mawili

Wiki iliyopita mlikuja kwangu Riruta, nyinyi watatu mnaosomea kupima masikio, mkiwa na mkate na maziwa ya pakiti kama watoto waliolelewa vizuri. Nikawapikia chai, nikaanza kuwapigia hadithi za kazi. Katikati ya hadithi nikaona mmoja wenu ana earphone ndogo nyeupe kwenye sikio la kushoto. Nikanyamaza. Akaona nimenyamaza.

"Mathe, usijali," akasema, "hii ingine yote ni yako."

Nilicheka mpaka chai ikanipalia, nanyi mkatazamana kama watu wanaoona uzee umeanza kazi yake. Sikuwaeleza nilichokuwa nacheka kwa sababu wingu lilikuwa limeshuka na mlitaka kufika town kabla ya mvua. Sasa nina muda, nina meza, na miwani nimeipata. Wacha niwaeleze, maana kosa hilo la earphone moja nililifanya kabla yenu, tena mbele ya mashine, na bila kosa hilo kuna mtoto mmoja ambaye ningempotezea miaka mingi kuliko ile niliyompotezea.

Kwa wale ambao hawakuja: mimi ni Rispa Nekesa. Si daktari, ingawa wagonjwa wameniita daktari tangu siku ya kwanza na mwishowe nikachoka kuwakatalia. Nilikuwa mpimaji wa kusikia kwa miaka thelathini na mitatu. Nilianzia chumba kimoja juu ya duka la vitambaa katikati ya mji, tukahamia Hurlingham, ghorofa ya pili, barabara ya Argwings Kodhek, na hapo ndipo nilipokabidhi funguo mwaka jana.

Kule mjini mashine yetu ilikuwa na vitufe vikubwa kama vya jiko la stima. Mgonjwa anavaa vipokea sauti, wewe unabonyeza, yeye akisikia anainua mkono. Kazi inaonekana rahisi hata mtu wa kupita anaweza kuifanya, na kwa mwezi mzima niliifanya kama mtu wa kupita. Nakumbuka mzee mmoja fundi wa mawe kutoka Dagoretti. Sikio lake la kulia lilikuwa zuri. La kushoto nilipandisha sauti, nikapandisha, mwishowe akainua mkono. Nikaandika: sikio la kushoto linasikia, ila kwa shida.

Mwalimu Okoth akaiangalia karatasi ile kwa muda mrefu. Huyu Mwalimu Okoth mtamsikia sana hapa. Alikuwa mtu mwembamba, aliyefundisha chuoni karibu nusu ya wapimaji wa mji huu, na kila Alhamisi alikuja kliniki kwetu na chupa yake ya uji wa wimbi kwa sababu chai yetu aliiita maji ya kuoshea vikombe.

"Rispa, ulipopima hili la kushoto, uliliziba lile zuri na kelele?"

"Sikuliziba, Mwalimu."

"Basi umepima sikio moja mara mbili."

Ni kweli. Sauti ikiwa kubwa hupita kwenye mfupa wa kichwa, ikatokea upande wa pili, na sikio zima likasikia kwa niaba ya lililokufa. Mzee yule hakunidanganya. Aliulizwa kama anasikia, na alikuwa anasikia. Tulimwita tena, tukalimiminia sikio la kulia kelele ya kulishughulisha, ile ya ssss kama redio iliyokosa stesheni, na la kushoto halikuinua mkono hata mara moja. Hilo ndilo somo la kwanza alilonipa Mwalimu: hakuna sikio unaloweza kulipima kama vile mwenzake hayupo. Mimi nilidhani nimelielewa. Nilikuwa nimeelewa nusu.

Kabla sijafika kwenye nusu ya pili, wacha niseme mambo madogo ambayo hamtayaona kwenye mitihani. Kijipira kile cha kuingiza sikioni kipashe joto kwanza kiganjani, mtoto hatashtuka. Usichague ukubwa wake kwa umri wa mtoto, chungulia sikio lenyewe. Mama mwenye mtoto mchanga mwache anyonyeshe hapo hapo kwenye kiti, na asiharakishwe. Friji ya kliniki izime ukutani, maana ngurumo yake huingia kwenye kipimo. Na asubuhi, kabla mgonjwa wa kwanza hajaingia, jipime mwenyewe. Hii ya mwisho ilikuwa sheria ya Mwalimu. Alisema mashine ni mfanyakazi kama wengine, lazima aripoti kazini mbele ya mtu anayemjua vizuri, na mtu unayemjua vizuri kuliko wote ni wewe. Kila asubuhi tuliandika namba zetu kwenye daftari la mistari. Namba zangu nilizijua kama simu ya mama yangu.

Tulipohamia Hurlingham tukaletewa mashine ya mwangwi. Nyinyi mmeikuta ipo na hamuoni ajabu, lakini sisi tulikusanyika kuiangalia kama watu wanaotazama mtoto mchanga. Ndani kabisa ya sikio kuna vinywele vidogo vya aina mbili. Vya nje hucheza sauti ikiingia, huikuza, na katika kucheza kwao hutoa mwangwi mdogo sana unaorudi nje. Vya ndani kazi yao ni kupeleka habari kwa mshipa, na mshipa kuipeleka kwa ubongo. Mashine hii inatia sauti sikioni kisha inatega kusikiliza mwangwi. Mgonjwa hainui mkono, haulizwi kitu, anaweza hata kuwa amelala. Kwa mpimaji wa watoto, hiyo ilikuwa sikukuu. Niliipenda mashine ile, na mapenzi yale baadaye yaliniponza.

Lakini ilikuwa na tabia. Nikijipima asubuhi, siku moja mwangwi wangu wa sikio la kulia ulikuwa juu kama kawaida, kesho yake umeshuka. Keshokutwa uko juu. Haukushuka sana, ila mimi niliyezijua namba zangu niliona. Nikaandika kwenye daftari: mashine haina msimamo. Tukamwita fundi. Akaja na begi lake, akajipima yeye mwenyewe, mwangwi ukawa imara kama nguzo.

"Mama, hii machine iko poa," akasema.

"Leo iko poa. Jana ilikuwa mgonjwa."

Akaondoka. Wiki iliyofuata nikamwita tena, akaja, ikawa poa tena. Mara ya tatu alikataa kupanda ngazi, akaniambia kwa simu labda shida iko kwa masikio yangu. Nilimnunia mwezi mzima.

Alhamisi moja Mwalimu Okoth alifika mapema akanikuta najipima. Akasimama mlangoni na chupa yake ya uji.

"Rispa, hiyo ni nini iko kwa sikio yako?"

"Hii? Ni redio, Mwalimu." Nilikuwa na redio ndogo mfukoni, na waya wa earphone moja umeingia sikio la kushoto. Asubuhi nilipenda kusikiliza kwaya. "Lakini hilo silipimi. Napima la kulia."

Aliweka uji chini. "Zima."

Nikazima. Mwangwi wa sikio la kulia ukapanda.

"Washa."

Nikawasha. Ukashuka.

Alinifanyisha hivyo mara kumi, washa, zima, washa, zima, hata sikuthubutu kumwangalia usoni. Siku ambazo mashine ilikuwa nzima zilikuwa siku ambazo betri ya redio yangu imeisha. Alipomaliza alikaa chini akacheka mpaka Nancy wa mapokezi akaja kuuliza kama kuna mtu ameanguka. Fundi yule nilimpigia kumwomba msamaha, akasema amesamehe, ila kila aliponiona baadaye aliniuliza kama kwaya inaendelea vizuri.

Baada ya kucheka, Mwalimu alinifundisha nusu ya pili. Aliniuliza pale Riruta ninaishi vipi. Nikamwambia, ploti ya nyumba kumi, bomba moja la maji, na caretaker wa kuiangalia ploti anaitwa Wafula.

"Sasa sikia," akasema. "Masikio ni nyumba mbili za ploti moja. Katikati, chini ya ubongo, kuna caretaker. Nyumba ya kushoto ikianza kelele, mshipa unampelekea caretaker habari. Caretaker hasemi. Anaenda nyumba ya kulia, anapunguza bomba kidogo. Vile vinywele vya nje vinatulizwa, havichezi sana, mwangwi unashuka. Anafanya hivyo ndio ukikaa mahali pa kelele bado uweze kushika maneno ya mtu. Radio yako iko left, lakini right imeshaambiwa itulie."

"Hata kama hilo la kulia silipi sauti ya redio?"

"Hata kama. Caretaker haulizi kama umekubali."

Kwa hiyo wewe kijana uliyeniambia sikio moja lote ni langu, halikuwa langu lote. Muziki wako ulikuwa umeshamtuma caretaker.

Akanionya pia, nami nawaonya. Kushuka huko ni kudogo, mtu mwenye haraka hakuoni. Ndiyo maana unawasha na kuzima mara nyingi, uone kama mwangwi unafuata. Kelele iwe ya chini. Ukiipandisha sana, misuli ya sikio itajikaza, au sauti itavuka mfupa yenyewe, na hapo hujui tena unapima nini. Na mtoto atulie kabisa, maana akimeza mate tu namba zinaruka. Niliyaandika yote. Kisha nikayageuza kuwa hadithi ya kuchekesha watu kwenye sherehe, na sikuona kama yana matumizi mengine.

Mama Shiru alikuja kliniki mara ya kwanza akiwa na binti yake mgongoni, mtoto amegonga mwaka mmoja. Alikuwa fundi wa cherehani, na kibanda chake cha kushona kilikuwa Mountain View, karibu na Waiyaki Way. Shida yake aliisema kwa sentensi moja: akimwita Shiru, Shiru hageuki.

Nikampima. Mwangwi ulikuwa mzuri masikio yote mawili, mzuri kuliko wangu. Nikamwambia mtoto anasikia, nikampa karatasi yenye sahihi yangu. Alishukuru kwa adabu, lakini alisimama mlangoni.

"Lakini daktari, nikiangusha makasi nyuma yake hashtuki."

"Anakaa na wewe kazini?"

"Analala hapo chini ya cherehani tangu azaliwe. Hata cucu yake anasema amezoea kelele."

"Basi ni hivyo. Amezoea."

Mnaona jinsi jibu lilivyokuja lenyewe. Lilikuwa na sura nzuri, nyanya yake analikubali, mashine inalikubali. Nikaita anayefuata.

Miezi ikapita, akarudi. Shiru sasa anatembea, lakini hana neno hata moja. Nikampima tena, mwangwi uko pale pale. Nikamwonyesha mama yake kwenye kioo cha mashine, nikamweleza taratibu kama mtu anayeeleza mtu asiyetaka kuelewa. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Daktari, wacha nikuulize kitu," akasema. "Mimi nikimpima mteja na tepu, nimshonee, avae, halafu aniambie inambana hapa kwa kwapa. Naweza mwambia tepu imesema iko sawa?"

Nilimjibu, na jibu hilo nimeishi nalo. Nilisema, "Mama, tepu yako inashikwa na mkono. Hii ni kompyuta."

Alimfunga Shiru vizuri, akaondoka. Na mimi kwenye faili, mahali pa maoni, nikaandika: mama ana wasiwasi mwingi.

Mara ya tatu hakuja kupimwa. Ilikuwa Alhamisi, Mwalimu Okoth amekaa kwenye kona yake na uji. Mama Shiru aliingia na mtoto mkononi, akatoa karatasi zangu mbili kwenye mkoba, akaziweka mezani.

"Nimeleta hizi. Sizitaki kwa nyumba."

"Kwa nini, mama?"

"Kwa sababu ndizo zinatumiwa kuniambia mtoto wangu ni mkaidi. Kwamba anaskia na anakataa. Jana cucu yake amemwita mara tatu, hakuitika, akamchapa mikono. Nikimwuliza mbona, ananiambia hata hospitali imeandika anaskia."

Shiru alikuwa karibu miaka miwili. Alikuwa anaangalia mdomo wa mama yake ukienda, kwa makini ambayo sijaona kwa mtoto wa umri huo, na mikono yake midogo ilikuwa juu ya meza yangu, kando ya sahihi yangu. Niliiangalia ile mikono. Nilijisikia vibaya, lakini ulimi ulikuwa bado umeshika upande wa mashine, nikaanza kusema mwangwi ni mzuri.

Mwalimu akanikata. "Mama, samahani. Huyu alizaliwa aje?"

"Alikuja mapema. Miezi saba. Alikaa kwa kile chumba cha taa juu ya ugonjwa wa manjano, karibu wiki tatu. Walimwekea na oxygen."

Mwalimu aliniangalia. Nilikuwa nimempima mtoto yule mara mbili na sikuwahi kuuliza alizaliwaje. Swali hilo, vijana, huja kabla ya mashine, maana manjano na kukosa hewa huweza kuudhuru mshipa wa sikio.

"Rispa," akasema, "vinywele vya nje vya huyu mtoto vinacheza. Hiyo umeshatuambia. Lakini kuna mtu anampelekea caretaker habari? Hiyo umepima?"

Nilielewa kabla hajamaliza. Mwangwi unaonyesha bomba linatoa maji. Hauonyeshi kama kuna anayepiga simu kwa caretaker. Vile vinywele vya ndani, au mshipa, vikiwa na shida, mwangwi utabaki mzuri na mtoto asielewe sauti yoyote. Na njia moja ya kushuku hilo ilikuwa kwenye hadithi yangu ya kuchekesha watu.

Tulianza na mama mwenyewe. Mwalimu ndiye alitaka hivyo. Alimketisha kwenye kiti, nikampasha joto kile kijipira, nikakiweka sikio la kulia, na la kushoto nikamwekea earphone yenye ile kelele ya ssss, ya chini.

"Angalia hapa kwa screen," Mwalimu akamwambia. "Hiyo laini ni sikio yako. Rispa, washa."

Laini ikashuka. Nikazima, ikapanda. Mama Shiru akaangalia mara nne, tano.

"Kwa hivyo hii sikio inajua vile ile ingine inaskia," akasema.

"Inaambiwa," Mwalimu akasema. "Sasa tumngoje huyu alale."

Tulingoja. Mama alimnyonyesha, akampapasa mgongo, Shiru akalala na mdomo wazi. Nikapima. Sikio la kulia, mwangwi juu, mzuri kama kawaida. Nikawasha kelele ya kushoto. Laini haikusogea. Nikazima. Haikusogea. Nikawasha, nikazima, mara nyingi kuliko alivyonifanyisha mimi, nikiomba kimoyomoyo ishuke hata kidogo. Tukabadilisha, tukapima la kushoto na kelele kulia. Laini ilikaa palepale.

Mama Shiru alikuwa ameona. Hakuhitaji mtu amtafsirie, alikuwa ametazama yake ikipanda na kushuka muda mfupi uliopita. Akauliza kwa sauti ndogo, kwa kuwa mtoto alikuwa amelala na mazoea hayaachi mtu:

"Kwa hivyo mimi sikuwa naongea uongo?"

"Hukuwa," nikamwambia. "Ni mimi nilikosea. Nilikosea mara mbili. Nisamehe, mama."

Akalia kidogo, akajifuta na kitambaa kilichobaki na uzi. Mimi nililia zaidi yake, na sioni haya kuwaambia.

Mwalimu alituacha tulie, kisha akatukumbusha kuwa kipimo chetu si hukumu. Kwa mtoto mdogo kinaweza kudanganya. Ni sababu tu ya kutoiamini karatasi ya kwanza. Hukumu ilikuwa kwenye kile kipimo cha mawimbi, unapobandika waya kichwani na kutazama kama mshipa unapeleka sauti kwa ubongo, na mashine hiyo ilikuwa hospitali kubwa yenye foleni ndefu. Mtoto mwenye karatasi ya kusema anasikia hangepewa nafasi. Nikaandika barua nyingine, nikaeleza tulichoona, nikaeleza alivyozaliwa. Kisha Mwalimu akafungua faili la Shiru pale nilipoandika mama ana wasiwasi mwingi.

"Piga mstari," akasema. "Andika chini yake vile ni kweli."

Nikapiga mstari. Nikaandika: mama alisema kweli tangu siku ya kwanza. Nikatia sahihi.

Shiru alipata nafasi. Mawimbi hayakuonekana. Kutoka hapo kazi ilikuwa ya watu wengi na sikudai sifa yoyote. Mama yake alijifunza lugha ya ishara kwenye darasa la jioni kanisani, akamlazimisha nyanya yake Shiru naye ajifunze, na nasikia mzee yule wa kike sasa ndiye mwepesi kuliko wote, hasa kwa kugombeza. Vifaa vya kawaida vya kusikia vilijaribiwa, havikusaidia sana. Baadaye akapandikizwa kifaa sikio la kulia, kinachopeleka habari moja kwa moja kwa mshipa, na kwake kikashika. Leo anasema kwa mdomo na kwa mikono, kwa wakati mmoja, na haraka, mpaka huwezi kumaliza sentensi yako.

Nimewaambia habari hizi kwa sababu mnaanza kazi mkiwa na mashine nzuri kuliko zangu zote, na nafurahi mnazo. Lakini nina watu wa kushukuru na hakuna mashine kati yao. Namshukuru Mwalimu Okoth, tuliyemsindikiza kwao Siaya kwa mazishi, mtu aliyenicheka bila kunidharau. Namshukuru fundi yule aliyekataa kupanda ngazi mara ya tatu. Zaidi ya wote namshukuru Mama Shiru kwa kunibishia. Angekuwa mpole zaidi, angeziweka zile karatasi ndani ya Biblia kama wengine wanavyofanya, na Shiru angeendelea kuchapwa mikono kwa sahihi yangu.

Mwaka jana nilipostaafu, Mama Shiru alisema gauni la kuagwa atanishonea yeye. Nikaenda Mountain View kulijaribu. Shiru alikuwa hapo, msichana mrefu sasa, amekaa juu ya kigoda anapanga vifungo. Nikalivaa. Kitambaa cha kijani, kazi safi. Mama Shiru akazunguka na tepu shingoni, akagusa bega, akagusa kiuno.

"Iko sawa?"

"Iko sawa kabisa," nikasema.

Shiru hakuwa ananisikiliza. Alikuwa ananiangalia, kama alivyojifunza kuangalia watu kabla hajapata njia nyingine. Akaweka vifungo chini.

"Mum, inambana," akasema. "Hapa kwa kwapa. Angalia vile anainua bega."

"Nimempima mara mbili," mama yake akasema.

"Inambana."

Ilikuwa inanibana. Nilitaka tu kuwa mgeni mzuri. Mama Shiru aliniangalia, mimi nikamwangalia. Nilivua gauni, akachukua wembe, akafumua mshono wa makwapa yote mawili, akashona upya. Ndilo nimelivaa sasa hivi ninapowaandikia, na linanikaa vizuri.